Magimbi Niliyoyang'oa Mtoni

Jumapili. Mvua tangu alfajiri, na nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi.

Mama alituachia kipande cha bonde kule Simbo, mimi na kaka yangu Festo. Kamsitu kadogo, chini hapakauki, jua halifiki. Festo anataka kukata miti yote alime mahindi. Nikakataa. Tukagombana hadi baba mdogo akaamua nipewe mwaka mmoja nipande chakula humo humo kivulini. Kikilika, miti ya mama ibaki. Kisipolika, msumeno uingie.

Mimi ni fundi cherehani wa Mwanga, kilimo najua nini? Tangawizi niliipanda penye maji yanayotuama, ikaoza yote. Manjano yalikubali pale palipoinuka, lakini nani aliwahi kushiba manjano? Yakabaki magimbi. Hayo hupenda tope na kivuli.

Mbegu nzuri ya magimbi iko Bangwe, nyuma ya bafu la wifi yangu Adela, mke wa Festo. Na kwetu mbegu ya magimbi hainunuliwi. Unakwenda kwa mwenye nayo, unakaa kidogo, unaomba, anakung'olea.

Sikwenda.

Sisemi na Adela tangu msiba wa mama. Alijifunga kitenge cha marehemu hata matanga hayajaisha. Nimwombe yeye? Thubutu! Nikashuka mtoni nikang'oa yale yanayojiotea yenyewe, majani mapana, yanapendeza macho. Nikapanda mistari minne, na juu ya hapo nikajisifu.

Leo mwaka umetimia, nimewaita wote nyumbani kwangu, nikapika sufuria zima kwa mawese. Baba mdogo akameza kipande cha kwanza, akashika koo. Mzee wa watu machozi yakamtoka. Watoto wakaanza kulia, midomo inawasha. Festo alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Dada, ndiyo chakula chenyewe hiki? Alhamisi naleta mtu wa msumeno."

Nilitamani kumrushia sufuria, wallahi.

Lakini aliyenimaliza ni Adela. Hakucheka. Alikuwa anamnywesha baba mdogo maziwa, akasema taratibu bila kuniangalia, "Wifi, mbegu nilikutengea tangu mvua za kwanza. Nilikuwa nakusubiri uje."

Afadhali angenitukana!

Mwaka mzima nimemlaani Festo na msumeno wake, kumbe miti nimeiuza mwenyewe kwa kiburi. Nilimlisha mzee sumu ya kuwasha koo ili tu nisitamke neno "naomba" mbele ya mwanamke mmoja. Nimejichukia leo kuliko ninavyomchukia yeye.

Festo hamsikilizi mtu duniani isipokuwa mkewe. Kwa hiyo kesho asubuhi sifungui cherehani. Naenda Bangwe kuomba mbegu, na kumwomba aisemee miti kabla ya Alhamisi.

Bado simpendi, sitadanganya humu. Nitabisha hodi, na asipoitikia nitabisha tena.