Bereti Nyekundu ya Mahona

Nkololo, 9 Julai 1991

Basi mdogo wangu Mahona, barua ya juzi niliikatiza sababu lori la pamba lilikuwa linaondoka nayo. Mwangaluka, huko kambini u mzima? Huku wazima, ng'ombe wazima, mimi goti tu. Nilipoishia ni kwamba siku ya Sabasaba wapinzani wetu wa ngoma, Bagika, walileta ndege ya mabati inayotoa moshi, watu wote wakawakimbilia. Sisi Bagalu tukabaki tunawachezea ngoma mbuzi watupu. Nikafungua sanduku, nikamvisha Luhaga, kiongozi wetu wa ngoma, ile bereti yako nyekundu uliyoisahau likizo. Akapiga kwata. Uwanja wote ukahamia kwetu. Tumeshinda!

Dada yako Domitila

Kambini, 21 Julai 1991

Dada, shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimesoma barua yako nikiwa nimesimama. Kozi ile ya komando tuliingia mia, tukatoka tisa. Sisi tisa tu ndio tunaovaa bereti hiyo, na raia haruhusiwi hata kuijaribu. Wewe umemvisha mcheza ngoma. Gwaride la kikosi ni tarehe kumi Agosti. Nikikosa bereti narudishwa kikosi cha kawaida. Itume leo.

Mdogo wako Mahona

Nkololo, 31 Julai 1991

Ng'wana mayu, mtoto wa mama yangu, pole na kazi, goti langu limepoa. Usinikaripie kama kuruta, kamasi zako nimefuta mimi. Luhaga hatoi. Mganga ameshashonea humo dawa ya kuvuta watu, haitoki mpaka ngoma za mavuno ziishe. Lakini usihofu. Tangu biashara iwe ruksa, mitumba imejaa Bariadi. Januarius muuza mitumba kafungua belo zima la kofia za majeshi ya Ulaya, za kijani, nyeusi, za bluu, hata ya manyoya. Nimekuchagulia nyekundu, tena haijapauka kama yako. Basi linakuletea.

Dada yako

Kambini, 12 Agosti 1991

Domitila,

Kifurushi kilifika asubuhi ya gwaride, sikuwa na nyingine, nikaivaa. Bereti yetu inalalia kulia. Hiyo yako ni ya jeshi lingine, inalalia kushoto. Mkuu aliivua kichwani mwangu mbele ya kikosi, akaiangusha chini. Akauliza yangu iko wapi na anayo nani. Nimeandika jina lako.

Sajini Mahona

Nkololo, 27 Agosti 1991

Mahona, hukunisalimia, na mimi sikusalimii. Mama alipokufa alikuacha mgongoni kwangu, leo unaniandika kwa wakubwa. Haya. Jana nimemvua Luhaga mwenyewe, katikati ya ngoma, watu wanatazama. Ile dawa nimeifumua kwa wembe. Bagalu wote wameniapiza, mke wa Luhaga kanitemea mate, nikamwambia ateme tena, vumbi limezidi. Sasa bereti yako ninayo hapa mapajani, naizungushia gazeti, kesho inapanda basi. Mpe huyo mkuu wako, mwambie dada

Ngoja, jirani yangu Wilhelmina ananiita huko nje. Anasema balozi wa nyumba kumi kaja na askari wawili, wana karatasi, wanauliza kofia ya jeshi iko nyumba ga