Mtu wa Mwezini Alipovua Kichwa

Shemeji Shee,

Nimekuona Kismayu Jumatano. Nimekuona kwa macho yangu, miezi miwili baada ya kukusalia hapa kisiwani Chovai bila maiti, maana bahari ya kule kisiwa cha Ngumi ilirudisha mashua, wewe haikukurudisha.

Famau mvuvi alikwenda Kismayu kuuza papa, akaja na maneno ya sokoni. Shee yuko hai, watu wameuona uso wake, anacheka, anajifuta jasho. Dada yangu alikuwa ndani ya eda yako. Kusikia hivyo akavua nguo za eda, akaoga, akafukiza udi, akatandika kitanda chenu. Mke wa mtu aliye hai hakai eda, akaniambia, na alivyonitazama nikaogopa.

Nami nikaamini! Ungedhani ningeikumbuka mara moja ile filamu ya Mtaliana. Niliikumbuka, ndiyo. Si tulimtengenezea wenyewe, mimi na wewe, zile wiki mbili ufukweni? Yule mtu hakuwa na kitu ila sanduku lake la picha lenye miguu mitatu, na maneno mengi. Chombo kilichoanguka kutoka mwezini kilikuwa mashua yetu isiyokwisha, tumeifudikiza. Mnyama mla watu ulikuwa wewe, ndani ya tanga kuukuu tulilolishindilia pamba ya kalafati, ile ya kuzibia mashua, na kulipaka sifa, mafuta ya papa, unanuka hata mbuzi wanakukimbia. "Miye ni mchu wa mwezini, nipeni wali!" Tukacheka mpaka Mtaliana akatugombeza.

Nyumbani tukaficha, maana mama angesema tumejitia ushetani. Ndiyo sababu dada hakujua lolote. Lakini mbele ya lile sanduku kichwa cha mnyama hukukivua hata mara moja. Ndivyo nilivyodhani. Basi waliposema wameuona uso, nikasema filamu haiwezi kuwa, huyu ni yeye mwenyewe, nikapanda chombo cha kwanza.

Bandarini nikamuuliza mchukuzi mmoja. Akacheka. "Mchu wako? Ngoja magharibi isaliwe, hapa hapa utamwona." Nikanunua halua, nikupe. Nikakaa na halua yangu mapajani kama mjinga. Wakaja watu wawili wakatundika shuka nyeupe ukutani. Hapo moyo ukaanza kuniambia, na bado sikuondoka.

Ulipotoka chini ya mashua watu walipiga mayowe, wengine wakakimbia. Mimi sikuogopa, kila mshono naujua. Kisha mwishoni kabisa, Mtaliana kaongeza kipande alichotuibia tulipodhani kazi imekwisha. Unavua kichwa, unajifuta jasho, unacheka, unageuka kumwambia neno mtu aliye kando yako. Mtu huyo ni mimi. Watu wote wakaangua kicheko. Mimi peke yangu nikapiga ukelele, nikasimama nikakuita jina, na shuka ikabaki nyeupe.

Filamu haina sauti, Shee. Na neno uliloniambia silikumbuki. Nimejaribu njia nzima, silikumbuki.

Alhamisi alasiri nikamkuta dada mlangoni. Kapaka hina. Hina! Nikamwambia yote, filamu, tanga, siri yetu, shuka ya Kismayu. Nilitaka anipige. Angenipiga ningepumua. Akauliza tu, "Kwa hivyo amekufa?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, nikasema ndiyo tena. Kosa ni langu, Shee. Ningemwambia siku ile ya kwanza ulipovaa lile tanga, leo asingefiwa mara mbili.

Mwalimu wa madrasa amemweleza kwamba ile miezi miwili inahesabika, amalize siku zilizosalia, basi. Hataki kusikia. Amerudi ndani na hina yake mikononi, ameanza eda upya tangu siku ya kwanza. Anasema kwake yeye umekufa Alhamisi.

Buriani, shemeji. Mungu akuweke mahali pema, popote mwili wako ulipo. Nakuahidi sitamwambia kwamba anakosea, wala sitamficha jambo tena. Maji na kuni napeleka mimi kila asubuhi, mpaka zitimie siku anazozihesabu yeye. Nami nimeanza kuzihesabu naye.

Leo ni ya tatu.

Nduguyo,
Athmani