Mwanangu Anamimina Maji Shuleni, Wifi Anacheka

Mshauri mpendwa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu hivyo hivyo maana leo nimekuja mpole. Naomba msaada wako. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili na kikaushio kimoja, nimeolewa na fundi umeme, mtu mtaratibu asiyependa makuu, na tuna binti mmoja wa miaka minne na nusu ambaye tunamwita Kidoti, na huyu Kidoti ndiye anayeninyima raha, wala si kwa utundu, ni kwa sababu ya shule yake.

Tulimpeleka shule ya Montessori iliyo mtaa wa pili, na niliipenda kwa sababu siku ya kwanza kupita pale nilisikia kimya nikadhani wamefunga, kuchungulia nakuta watoto wamejaa tele, kila mmoja na shughuli yake, mwingine chini kwenye mkeka, mwingine mezani, nikajiuliza hawa wanalishwa nini mpaka watulie hivi. Basi jioni ya kwanza namuuliza mwanangu amejifunza nini, ananijibu kwa maringo, nimemimina maji. Kesho yake kamimina tena, kutoka jagi hili kwenda jagi lile. Baadaye akawa anafunga na kufungua vifungo kwenye fremu ya mbao iliyoshonewa kitambaa, hata si nguo ya mtu. Halafu akawa anasugua meza ambayo haikuwa chafu. Mshauri, nikitaka mtu wa kunifutia meza saluni najua pa kumpata, lakini nilinyamaza kwa sababu mtoto alikuwa anaamka na furaha, na mimi mwenyewe nilitaka kujua haya mambo yanaelekea wapi.

Sasa kuna wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, moyo wake mzuri ila mdomo hauna breki. Mwanawe wa kiume ni rika moja na Kidoti, anasoma shule nyingine, anarudi na begi la madaftari utadhani anahama. Jumapili moja wakaja kwetu, wifi akawasimamisha watoto wote wawili katikati ya sebule tuwapime. Mwanawe akahesabu mpaka mia bila kuvuta pumzi, tukampigia makofi, na mimi nikapiga kwa moyo safi kwa sababu alijitahidi kwelikweli. Ikaja zamu ya Kidoti, akaulizwa nane ukijumlisha na tano. Aliinuka akaenda kuchukua kopo langu la shanga, zile ninazowavalisha watoto kwenye misuko, akapanga nane, akapanga tano, akasogeza kumi pembeni, akaangalia zilizobaki, akasema kumi na tatu. Lakini alipofika hapo wifi alishacheka zamani, anamwambia mume wangu mtoto wako keshakuwa muuza shanga. Mume wangu naye akacheka, ila uso wake niliuona. Wiki hiyohiyo wifi akaja na habari kwamba amezungumza na mkuu wa shule ya mwanawe, nafasi ipo, wanatushikia mpaka Ijumaa hii.

Nikasema kabla sijakubali wala kukataa, acha nikaone kwa macho yangu. Mwalimu wa Kidoti akanikaribisha, akanipa kiti ukutani, akaniomba kitu kimoja tu, nitazame bila kumsemesha mtoto. Kidoti akaenda kwenye rafu akachukua gogo la mbao lenye matundu, na kila tundu lina kipande chake cha mviringo chenye kishikio juu, vingine vinene vingine vyembamba. Akavitoa vyote, akavichanganya, akaanza kuvirudisha. Chembamba kimoja akakitia kwenye tundu kubwa, kikazama, yeye hana habari, akaendelea, mwishowe akabaki na kipande kinene mkononi na tundu jembamba mbele yake. Akasukuma. Akakigeuza. Akakaa anakitazama. Na mwalimu yuko palepale, anaona kila kitu, amefumbata mikono, hasemi neno.

Mshauri, mimi kutwa nzima natengeneza vichwa vya watu, nikiona unywele umetoka kwenye mstari siwezi kupita hivihivi. Niliinuka, nikachuchumaa, nikachomoa kile chembamba, nikasogeza vingine, nikakitia kile kinene mahali pake, kufumba na kufumbua kazi imekwisha, nikamwambia, haya mama, si unaona. Kidoti akanitazama. Hakulia. Akalirudisha gogo kwenye rafu, akakunja mkeka wake, akaenda kukaa dirishani. Mwalimu akaniambia taratibu tu, "Alikuwa anakaribia."

Tangu siku ile, mtoto huyu aliyekuwa anatuchelewesha asubuhi kwa kung'ang'ania kuvaa mwenyewe, ananiletea viatu ananiambia, "Fanya wewe." Shati, fanya wewe. Kikombe cha maji, jagi liko mbele yake na kumimina ndiko alikoanzia maisha, fanya wewe mama. Mshauri, inaniuma.

Na hili la mwisho ndilo linalonifanya nikuandikie. Mume wangu aliponiuliza nimeona nini kule, nilimwambia nimemwona mwalimu amekaa anamtazama mwanetu anahangaika asimsaidie. Ni kweli, lakini nikaishia hapo. Alikasirika, na hakasirikagi yule, akasema kumbe dada yuko sahihi, Ijumaa tunamhamisha. Sasa naogopa kumweleza kipande kilichobaki kwa sababu nikimwambia yeye, wifi atajua kabla chungu hakijachemka. Nisaidie, hivi watoto wa shule hizi wanajifunza nini hasa au tunachezewa akili? Na mume wangu nimwambie, au niache mambo yajiendee?

Mama Kidoti, msusi

*

Mama Kidoti,

Marahaba, umri ninao. Barua yako kwanza imenichekesha, halafu ikaniudhi, nami nitaanza na swali lako kwa sababu ni zuri na wazazi wengi wanalo ila wanaona haya kuliuliza.

Unamwona mtoto anamimina maji. Mtazame tena. Jagi zito kuliko mkono wake, mdomo wa jagi mdogo, na kila tone linalomwagika linamwonyesha alipokosea bila mtu kumpigia kelele. Anajifunza kuanza jambo, kulifuata hatua kwa hatua, kulimaliza, kufuta alipomwaga na kurudisha vitu mahali pake. Ukimpa kalamu mkono ule, utajua ulikuwa unafanyishwa mazoezi. Vifungo ni vidole. Ile meza isiyo chafu ni utulivu, na utulivu ndio uliousikia wewe barabarani ukadhani shule imefungwa. Herufi watampa za karatasi ya msasa azipapase kwa kidole huku akitamka sauti ya kila moja, mpaka mkono uijue kabla jicho halijaizoea.

Na shanga, mwanamke wewe, shanga mbona ziko mbele yako. Darasani kwao ipo shanga moja, upo uzi wa shanga kumi, lipo bapa la mia na upo mchemraba wa elfu, na mtoto anavibeba kwa mikono, anajua elfu inavyoelemea. Kidoti alisogeza kumi pembeni akabaki na tatu. Hakuna aliyemwambia afanye vile. Ninyi sebule nzima mlikuwa mnasubiri jibu, hakuna aliyemwangalia mtoto akifikiri. Mtoto wa wifi yako naye mpeni haki yake, kukumbuka mpaka mia si mchezo, lakini mwulizeni siku moja nane na tano, mtaona kama hatatafuta shanga.

Usidhani wanabaki kwenye majagi. Niliwahi kukaa asubuhi nzima katika darasa la wakubwa wa shule ya namna hiyo, kwa udadisi wangu tu, na watoto wa miaka minane, tisa, walikuwa wanataka kujua nyangumi ana urefu gani hasa. Hawakupewa jibu. Walitafuta kitabuni, wakabishana, wakapima kamba, wakaitandaza uani, ua ukaisha nyangumi bado hajaisha, wakaenda kumbembeleza mlinzi awafungulie geti mkia upite. Mmoja akawa anagawanya ni watoto wangapi wakilala chini wataufikia urefu ule, na mdogo wao aliyekuwa hajui kugawanya akaelekezwa na mwenzake, mwalimu kasimama mbali. Nilitoka pale nina maswali mengi kuliko wao.

Nikuonye kitu, lakini. Jina kwenye kibao halitoshi. Zipo shule zinazoning'iniza neno hilo getini, ndani watoto wanaimbishwa kutwa na vifaa vimefungiwa kabatini visichafuke. Yako sikuiona, umeiona wewe, na kwa maelezo yako mwenyewe vifaa viko kwenye rafu anazofikia mtoto na mwalimu anajua lini anyamaze. Ulimwona amefumbata mikono ukadhani haoni. Lile gogo limetengenezwa hivyo makusudi. Kipande kikikosewa mahali, mwishoni kimoja kitabaki hakina pa kwenda, na hapo mtoto anaanza kujiuliza amepotea wapi. Ule ukimya ndio ulikuwa somo lenyewe, na wewe ukaukatiza.

Sasa nikuseme. Uliombwa kitu kimoja, ukakubali, hukukifanya. Hilo nakusamehe, mikono ya kazi huwasha, na mama kumwona mwanawe amekwama si jambo jepesi, naujua moyo huo. Lakini ulipofika nyumbani ukamwuza mwalimu wa watu kwa mumeo ili wewe utoke msafi, na mume wako sasa anataka kumhamisha mtoto kwa kosa lako wewe. Hilo halikubaliki. Wifi akijua atacheka, atakusimanga kwenye kila sherehe, utakula sahani yako na maisha yataendelea. Mtoto akihamishwa kwa nusu ya habari, utakuwa unamtazama kila asubuhi akibeba begi huku unajua.

Kwa hiyo leo hii, akirudi mumeo, mpe maji anywe, umweleze yote mpaka kwenye lile neno la mwalimu. Usizunguke. Halafu mwambie kabla ya Ijumaa mwende wote wawili mkae ukutani, na safari hii mikono yako uikalie. Wewe waulize walimu wanajuaje mtoto amepiga hatua ikiwa hakuna mitihani ya kushindanisha, na wakuonyeshe. Waombe mwone darasa la wakubwa. Nendeni pia shule ya wifi, kwa heshima, mkae muda uleule. Mkishaona zote mbili mtaamua, na mkiamua kumhamisha baada ya hapo mimi sitawalaumu, kwa sababu mtakuwa mmeamua mkiwa na habari kamili. Nafasi ikipita Ijumaa, ipite.

Nimebakiza lile la viatu, na naona ndilo lililokuamsha ukaandika, ingawa umelificha katikati ya wifi na sebule. Kidoti hajawa mvivu. Ameelewa kwamba kazi yake ikikwama kuna mwenye mikono mizuri atakuja kuimaliza, basi ya nini ahangaike. Umwombe radhi. Ndiyo, mtoto wa miaka minne na nusu anaombwa radhi. Kaa chini mlingane, umwambie, "Ile ilikuwa kazi yako, nikakunyang'anya. Nisamehe." Usiongeze maelezo, usimkumbatie mpaka akose pumzi.

Kisha amkeni mapema kidogo. Akikuletea viatu akasema fanya wewe, mwambie, niko hapa, nakuangalia. Ukae. Atanuna, atakutupia kimoja, atakuangalia kama humpendi. Kaa hivyohivyo. Ipo asubuhi atavivaa mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto, na vidole vyako vitakuwasha kuliko siku ile darasani. Usiviguse. Fungua mlango mtoke, mwende naye hivyohivyo mpaka barabarani, na ukiona amesimama, simama nawe. Miguu yake mwenyewe itamwambia.