Jicho la Kuku Kabla ya Maji ya Moto

Tunduma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za goti lako na za mvua huko Lushoto, niruhusu nianze na swali lililonisumbua tangu nikiwa chuoni: nitajuaje kwamba mnyama asiyeweza kunieleza maumivu yake ameacha kuumia?

Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi ya huku bado sijaizoea. Tangu biashara ilegezwe masharti, mtu binafsi amefungua machinjio ya kuku hapa mpakani, na ofisi ya mifugo imenituma kuyakagua. Nikiandika kwamba kuku wanateswa, yatafungwa. Kuku akishachinjwa hutiwa kichwa chini ndani ya bati lenye umbo la faneli, avuje damu hadi afe. Ndipo hutumbukizwa kwenye maji ya moto, anyonyolewe. Kabla hajatumbukizwa, mimi humgusa jicho. Akipepesa, bado yu hai.

Juzi gari la kupeleka kuku Nakonde, ng'ambo ya mpaka, lilikuwa likisubiri, tajiri mwenye machinjio akihimiza. Mzee Athumani, mchinjaji, alichinja haraka kuliko kawaida. Mama Tumaini, mnyonyoaji kutoka Ndalambo, alikwisha kumshika kuku juu ya pipa la maji ya moto nilipomgusa jicho. Akapepesa.

"Simamisha," nikasema.

"Daktari, huyu kafa, ni mishipa tu," akasema Mama Tumaini.

"Mishipa haipepesi, mama," Mzee Athumani akamwambia bila kuinua uso. "Hata dini yangu inanitaka nisubiri roho itoke. Anayeninyima nafasi ni huyo tajiri na gari lake."

"Kuku umemwonea huruma, daktari," Mama Tumaini akanigeukia. "Sisi tunaolipwa kwa kuku mmoja mmoja, utatugusa jicho lini?"

Wenzake wakacheka.

Niliagiza kila kuku asubiriwe hadi jicho litulie, nao wakatii. Sikuwa nimeyafikiria matenga ya kuku yaliyokwisha kushushwa na kupangwa juani kando ya ukuta. Desturi ya hapa ni kuwanyima kuku chakula na maji tangu jana yake, ili matumbo yawe matupu. Kazi ilipopungua mwendo, hao ndio walioumia. Alasiri walikuwa wakihema midomo wazi, na wale wa matenga ya chini tuliwatoa wamekwisha kufa. Mzee Athumani aliwaweka pembeni mmoja mmoja. "Hawa hata kisu hawakukiona," akasema.

Kesho natakiwa kutoa pendekezo. Machinjio yakifungwa, kuku watachinjwa vichochoroni ambako hakuna anayewagusa jicho, na akina Mama Tumaini watarudi kwao mikono mitupu. Yakiachwa yalivyo, nitakuwa nimeibariki ile haraka. Nimeandika yaendelee, kwa sharti la maji, kivuli, na kuchinja wachache kwa wakati mmoja. Tajiri amekubali yote upesi mno, jambo linalonitia shaka, na siwezi kusimama pale kila siku.

Nisalimie baba mdogo anayekutunzia ng'ombe, shangazi mshonaji, na dada Zubeda pamoja na wanawe. Goti ulikande kwa maji ya vuguvugu, usilifiche.

Kama nimeyapunguza maumivu, au nimeyahamisha tu kutoka kwenye pipa hadi kwenye tenga, sijui, Mama. Kipimo nilichofundishwa ni cha kuku mmoja aliye mkononi mwangu, na wengi wa siku ile sikuwafikia.

Ni mimi mwanao akuombeaye afya,
Mwanahamisi