Mguu wa Kuazima

Jumapili, 2 Agosti 2009
Nimeanguka. Si jukwaani, angalau hiyo ingekuwa heshima. Nimeanguka kutoka juu ya tangi la maji la mama, nikijaribu mruko wa kutua kwa matako. Kuduro, dansi ninayocheza, maana yake matako magumu. Yangu, imethibitika leo, ni laini. Shahidi pekee: bata mzinga wa jirani.

Kifundo cha kushoto kimevimba. Mama ananikanda kwa maji ya chumvi na maneno. Eti Zeferino, miaka ishirini na tisa, wenzako mtaa mzima wa Sambizanga wanajenga, wewe unaruka na bata! Nikamwambia wasanii huchelewa kukomaa. Akakaza kitambaa mpaka nikaona nyota.

Ijumaa, 7 Agosti
Sherehe ya mchana uani kwa Nelo, anayenitengenezea midundo kwenye kompyuta yake kuukuu. Wakaniita nicheze. Kusema siwezi? Mimi, Faísca, cheche ya mtaa? Nikapanda.

Mdundo ukaanza, mguu ukagoma. Kila hatua najikunja, bega linashuka, uso unajikunja kwa maumivu ya kweli kabisa. Nikasubiri kuzomewa. Lahaula — wakapiga yowe! Wakadhani ni mtindo mpya! Mtu akauliza unaitwaje. Mdomo wangu haunaga breki: "Mguu wa Kuazima!"

Nimelala nikicheka peke yangu. Miaka kumi ya mazoezi, halafu umaarufu unaletwa na tangi.

Jumapili, 9 Agosti
Watoto wote bombani wanachechemea. Madereva wa hiace wanaupiga mdundo wa Nelo mpaka spika zinakoroma. Nilipita polepole makusudi ili nisalimiwe.

Mchana Mjomba Sebastião, kaka yake mama, alikuja kula funge, ugali wetu wa muhogo. Mguu wake wa kulia ulibaki vitani, mjini Kuito, kwenye bomu la ardhini. Anatembelea gongo moja. Akasema njiani watoto walikuwa wakichechemea mbele yake, na amekasirika, hajui nani kawafundisha kumdhihaki mtu mzima. Mdogo wangu Tucha akanitazama. Nikajaza tonge la funge mdomoni, likaniunguza mpaka machozi. Mjomba akadhani namhurumia.

Jumanne, 11 Agosti
Msiba: nimepona!

Kifundo kimenywea. Nimeweka kokoto kwenye kiatu, nikatembea kama mtu mwenye kokoto kwenye kiatu. Nelo kasema inachusha. Na Jumamosi watu wa televisheni wanakuja uani kwetu kuurekodi mtindo!

Basi nikafanya jambo. Mjomba alipokwenda dukani nilimfuata hatua ishirini nyuma. Nikasoma bega linavyoshuka, kiuno kinavyosubiri gongo, shingo inavyobaki imenyooka kama ya waziri. Nimerudi nayo yote. Mwizi hodari mimi.

Alhamisi, 13 Agosti
Nilikuwa nyuma ya nyumba nikifanya mazoezi. Tucha anapiga ndoo. Ghafla akaacha.
"Kaka, si ulikuwa wa kushoto?"
Nikatazama chini. Nilikuwa nachechemea wa kulia.
"Wa kulia ni wangu," sauti ikasema nyuma yetu.

Mjomba! Kumbe alikuwa amesimama pale muda mrefu. Nikaanza kueleza: tangi, bata, Nelo, sanaa. Hakugomba, heri angegomba. Akasema tu, "Mwanangu, unachechemea kama mtu atakayepona kesho." Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Nampenda huyu mzee. Ndiye aliyeninunulia redio yangu ya kwanza.

Nimeapa: Jumamosi nitasema ukweli wote mbele ya kamera.

Jumamosi, 15 Agosti, mchana
Naandika nikiwa chooni. Kalamu ni ya Tucha, karatasi usiulize.

Uani pamejaa watu, mpaka juu ya tangi. Mama kavaa kitambaa kipya cha kichwa. Mjomba amekaa kwenye kigoda mlangoni, kaja bila kualikwa, shati limepigwa pasi. Yule dada wa televisheni akanisogezea maikrofoni: nani alibuni Mguu wa Kuazima?
"Mimi," nikasema.
Hivyo tu! Kiapo cha siku mbili kimeyeyuka kwa taa moja. Mjomba akainamisha kichwa. Nikaomba dakika moja, nikakimbilia chooni.

Dakika zimekuwa nyingi. Nje Nelo ameanza kupiga mdundo. Wanaita Faísca! Faísca! Halafu makelele yamekatika. Nasikia kitu kinagonga saruji — ko, ko-ko, ko — sawasawa na ngoma, hakikosei hata mara moja.

Tucha anabamiza mlango. "Kaka, toka! Mjomba anacheza! Kamera yote iko kwake!"
Namuuliza, amesema chochote?
"Wamemuuliza huo mtindo ni wa nani. Kasema mguu ni wake, aliyeuazima yuko chooni."

Uani wanacheka. Nadhani Mjomba naye anacheka, siwezi kuwa na hakika. Nimeshika komeo. Sijui nitoke nikichechemea, au nitoke kwa miguu yangu mwenyewe.