Kikapu cha Katikati ya Meza

Gloire, usicheke. Niko mu gari nje ya restora ya Wachina, uso unaniwaka.

Unamujua Lin, yule mama Mchina mwenye tunafunga naye makartoni kazini. Leo alitualika watu watatu tukakule dim sum, juu hatujaikulaka. Donc ni vikapu vidogo vinatoka mu mvuke, ndani kama sambusa lakini laini, nne nne.

Kikapu cha kwanza kikawekwa mbele yangu. Nikaomba kimoyomoyo, nikakula zote nne. Zote nne, Gloire. Na sisi tulikuwa wanne. Nainua kichwa, wenzangu wameshika vijiti, wananiangalia tu.

Lin akasema polepole, "Emérence, ile ilikuwa ya sisi wote. Kwetu tunakulaka pamoja."

Aliniambia mimi. Mimi mwenye nilikulia Uvira, watu nane mu sahani moja, mama anatuchapa mkono mtu akivuta nyama upande wake.

Lakini unajua huku Amerika vile iko. Kila mtu na sahani yake, na mulango wake. Tangu uhamie Buffalo, miaka tatu, Louisville hii nakula peke yangu. Hata sikuwaza kuuliza.

Lin hakukasirika. Aliagiza ingine, akaisukuma katikati, akaningoja nichukue wa kwanza. Hapo njo machozi ilikuja.

Bon, nakuandikia tena, nimefika nyumba. Nimesonga bugari, nimeiweka katikati ya meza, nimeleta na maji ya kunawa. Niko nangoja, sijue nani.