Mwaka wa Mwisho wa Kumsemea Dada

Jumatatu, 8 Januari

Mwaka wa mwisho umeanza na nimeuanza kwa ushindi: dawati la mbele, upande wa dirisha! Nilifika shule mlinzi hajamaliza hata kufungua geti. Dawati lile nalitaka kwa ajili ya Kishimo, ndugu yangu asiyesikia. Nikikaa kiupande, anaiona mikono yangu na ubao kwa pamoja.

Masomo saba. Unahodha wa mdahalo. Mtihani mwezi wa kumi. Na kumsemea Kishimo, kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kama nilivyofanya tangu darasa la tatu. Mwalimu mpya wa hesabu aliniuliza, sasa wewe mwenyewe unasoma saa ngapi? Nikamjibu, mwalimu, mimi nasoma mara mbili, kwa masikio na kwa mikono. Darasa likacheka. Kishimo akauliza wanacheka nini. Nikamwambia nitakueleza baadaye.

Sioni cha kunishinda.

Jumamosi, 27 Januari

Leo nimesifiwa mpaka nikaona aibu. (Uongo. Sikuona aibu hata kidogo.) Nilipita saluni kwa mama mdogo, mama yake Kishimo, nikamkuta anamsuka mteja. Akaninyooshea kitana: "Unamwona huyu? Huyu ndiye masikio ya mwanangu."

Kishimo aliugua homa kali akiwa na miaka minne. Ilipopoa, masikio yalikuwa yamekwenda nayo. Nyumba zetu ziko ua mmoja, mama yangu na mama yake ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo alama tulijitungia wenyewe pale uani. Mama mdogo ni kushika sikio, kwa sababu ya hereni. Mwalimu wa kemia ni kukuna ndevu. Yeye mwenyewe ni kidole shavuni, penye kile kishimo chake. Nyingine tulizitoa kwenye kitabu chakavu cha maktaba. Kitabu hakina jalada wala herufi mbili za mwisho, lakini kimetufikisha mwaka wa mwisho, si haba!

Ananizidi miezi mitatu. Namwita dada nikiwa na shida.

Alhamisi, 15 Februari

Tumegombana. Mwalimu wa kemia alitumia robo saa kusimulia siku aliyounguza koti lake la maabara akiwa mwanafunzi, jinsi alivyokimbia nalo linawaka huku mwenzake anamfukuza na ndoo isiyo na maji. Mimi nikamwambia Kishimo: anasema tuwe waangalifu na moto.

Akaligeukia darasa. Akanirudia. "Watu arobaini wanafuta machozi kwa sababu ya uangalifu?"

Hakunitazama mikono mpaka chakula cha mchana. Nikamweleza kwamba mikono nayo huchoka, nachagua yale ya mtihani. Akauliza, nani kakuchagua wewe kuchagua?

Naona nilikuwa na haki. Karibu yote.

Jumatano, 20 Machi

Tumeshinda mdahalo! Tumewabwaga vibaya! Mwalimu mkuu kasema mimi nikisoma sheria mahakama itajuta. Fomu za chuo zinakuja mwezi wa tano. Nimeshachagua, chuo cha hapa mjini, sheria. Kishimo atachukua kozi yoyote ya palepale na tutaendelea kama kawaida. Sijamuuliza. Ni jambo lililo wazi.

Jumamosi, 13 Aprili

Siamini nilichokiona leo.

Mama alinituma misumari. Nyuma ya soko kuna karakana ya samani. Nachungulia — Kishimo! Yeye ambaye kila Jumamosi yuko saluni anamsaidia mama yake! Amekaa juu ya rundo la mbao, kazungukwa na mafundi watano, na wote mikono inaruka. Viziwi wote. Mikono ilikwenda kwa kasi ambayo sijawahi kuiona, uso mzima ukisema, nyusi, mabega. Nikasimama pale kama mgeni kwenye msiba asiyemjua marehemu. Nilishika labda neno moja kati ya manne.

Fundi mmoja mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi akaniuliza kitu. Sikuelewa. Akarudia. Sikuelewa. Akarudia polepole, kama anavyosemeshwa mtoto. Kishimo ndiye aliyenitafsiria, kwa alama zetu za uani: "Anauliza kama unajua lugha ya alama."

Mimi! Nimetafsiriwa mimi!

Njiani nikamuuliza ameanza lini. Mwaka jana. Mbona hukuniambia? Alifikiri kidogo, akajibu: "Kwa sababu ungekuja."

Alhamisi, 16 Mei

Nimefanya jambo. Naliandika haraka kabla sijalipaka rangi.

Siku ya fomu. Tunaingia wawiliwawili kwa mwalimu wa taaluma. Ofisi yake ina kabati lisilofungika na feni inayolia kama paka. Yangu ilichukua dakika moja. Akamgeukia Kishimo, lakini macho yakabaki kwangu, kama watu wote wanavyofanya: "Na huyu anataka nini?"

Kishimo alikuwa amejiandaa. Alinyoosha mgongo. Akasema kwa mikono, taratibu, nisikose kitu: uchoraji wa ramani za majengo. Chuo cha kule mbali, safari ya siku nzima. Wana wakalimani wao waliosomea. Nitakwenda peke yangu.

Mwalimu akangoja. Feni ikalia.

Nikasema, "Anataka chuo kilekile changu."

Lilitoka laini kabisa, kama nimekariri. Mwalimu akaandika. Kasema vizuri, mtasaidiana. Kishimo akatabasamu, akainamisha kichwa kushukuru, tukatoka.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekaa nikatafuta sababu. Kule mbali hamjui mtu. Mama mdogo atalia. Wakalimani wa kuajiriwa huondoka saa za kazi zikiisha, mimi sijawahi kuondoka. Zote sababu nzuri. Ningeweza kushinda mdahalo nazo.

Lakini hakunituma nijibu. Alinituma niseme.

Jumapili, 26 Mei

Nimemwambia. Tulikuwa tunafua sare uani, ndoo katikati yetu. Nikaikausha mikono kwenye sketi. Nilimwambia yote. Ulisema hivi, nikasema vile.

Akaendelea kusugua kola. Akaikamua. Akaitundika, akaweka kibanio, akaweka kingine. Ndipo akanigeukia.

"Nilikuona mdomo."

Miaka kumi na minne anaisoma midomo ya watu, nami nilisahau kwamba na mimi ninao! Siku ileile ya fomu, mimi nikiwa kwenye mazoezi ya mdahalo, alirudi ofisini na karatasi. Kaandika: "Mwalimu, fomu yangu imekosewa. Naomba nijaze mwenyewe." Mwalimu akampa kalamu na kiti. Dakika kumi, kamaliza. Ana hata nakala yenye muhuri.

Nikauliza, kwa nini ulitabasamu pale? Akasema, nilitaka utoke haraka, nisije nikakupiga.

Kisha akalia. Kulia kwake hakuna sauti kubwa, mabega tu. Nilitaka kumshika, akanionyesha kiganja: simama hapohapo. Akasema, siku zile kumi nilikuwa nangoja nione kama utasema. Kila asubuhi nilikuwa nakutazama unavyokunywa chai, nikijiambia leo.

Nikarudi kusugua soksi iliyokwisha kutakata. Mimi, nahodha wa mdahalo.

Jumatatu, 10 Juni

Kishimo amehamia dawati la nyuma, kwa yule msichana mkimya anayeandika haraka. Anasoma moja kwa moja kwenye daftari la mwenzake. Walimu amewaandikia kikaratasi: tafadhali usizungumze ukiutazama ubao. Mwalimu wa hesabu amenyoa masharubu! Kasema, sikujua kama yanamzuia mtu kusoma.

Wiki mbili hizi nimekaa nimeiweka mikono mapajani. Jambo la ajabu — nasikia. Fizikia inaingia mpaka ndani. Nimepata themanini na moja, sijawahi kuvuka sabini. Nilifurahi, nikageuka kumwonyesha, nikakuta ubavuni begi langu tu.

Yeye kapata themanini na sita.

Jumamosi, 20 Julai

Jana alikuja mlangoni kwetu. Mama akasema karibu mwanangu, ingia, mdogo wako yumo ndani amenuna tangu mwezi uliopita. (Mama naye!) Kishimo akanambia: kesho karakana, saa nne. Ukija, unakuja kama mwanafunzi. Huelewi, unauliza. Humsemei mtu.

Nimekwenda. Nimeketi juu ya mbao kama mtoto wa chekechea. Kumbe alama yetu ya "mtihani", ambayo nimeitumia miaka yote kwa heshima kubwa, kwa mafundi maana yake ni kukamua ng'ombe! Fundi mwenye vumbi kwenye nyusi alicheka mpaka akashika msumeno asianguke. "Kwa hiyo mwezi wa kumi mnakamua?" Tukacheka wote. Nikafundishwa upya, kidole kwa kidole, na Kishimo akanirekebisha kiwiko mara sita, bila huruma.

Nimejifunza maneno thelathini na moja. Wiki ijayo yatakuwa sabini. Mimi nikianza kitu, nakianza!

Jumanne, 22 Oktoba

Karatasi ya kwanza. Msimamizi mgeni akatangaza jambo kuhusu swali la nne, ukurasa una kosa la chapa. Mikono yangu ikainuka yenyewe. Nikaikalia. Kweli kabisa — niliikalia. Kishimo, safu ya pili, akanyoosha kidole, akamwashiria msimamizi aandike ubaoni. Akaandika. Nusu ya ukumbi ikashukuru, maana hata wenye masikio hawakuwa wamesikia.

Karatasi ilikuwa nyepesi. Nimeimaliza na dakika zikabaki.

Jumatano, 20 Novemba

Naandika nikiwa kwenye benchi, koridoni, chuo cha mbali. Barua yangu ya sheria ilifika wiki iliyopita, nimepata. Leo ni usaili wa Kishimo. Mama mdogo ndiye aliyeng'ang'ania nije. Kafunga chakula cha watu sita, akanishika mkono kituoni: "Mwanangu, usimwache peke yake." Kishimo akageuka pembeni, akijifanya hajamwona mdomo.

Mkalimani wa chuo ni mama mwembamba aliyevaa nguo nyeusi, ili mikono yake ionekane vizuri. Alimsalimu Kishimo kwanza, halafu mimi. Akaniuliza kwa sauti, na wewe ndugu unaingia naye? Nikamjibu, muulize mwenyewe.

Akamuuliza. Kishimo akanitazama. Akautazama mlango. Akaweka sawa mkoba wa michoro yake begani.

"Kaa hapa," akanambia. Kisha, "Usiende mbali."

Mlango una kioo katikati. Mwanzoni nilikuwa nimekaa upande unaokitazama, na niliona kila kitu: michoro imetandazwa mezani, mikono ya Kishimo inapanda, inachora paa hewani. Sasa hivi naelewa nusu, tena zaidi ya nusu. Ningeweza kujua kila jibu.

Nimehama. Nimekipa kioo mgongo.

Walipanga dakika kumi na tano. Saa ya ukutani inasema zimefika ishirini na tano. Sijui kama ni vizuri au vibaya. Sauti ya mkalimani inapita chini ya mlango, maneno hayashikiki. Sasa wamecheka — wote, wanaume wawili na mama mmoja, na katikati yao Kishimo, ile sauti yake ya kukwaruza ambayo haitoi mbele ya wageni. Kuna mtu anasogeza kiti. Wanamwuliza kitu kingine. Yuko kimya, maana yake anajibu. Shingo inaniuma kwa kutogeuka, na sigeuki.